Kuwasha hadi kuzima bila kuomba macho ya mtu: shajara ya kompyuta mbili, Nakuru

Saiba yetu, duka la huduma za kompyuta na intaneti, iko Free Area, Nakuru. Kati ya kompyuta zilizopo, mbili ninazitayarisha kwa wateja wasioona, wenye uoni hafifu, na wale ambao mikono yao haiwatii. Naandika kila hatua inapokamilika ili mwenye saiba mwingine, au mwalimu aliye na chumba cha kompyuta shuleni, aige bila kukwama palepale nilipokwama mimi. Yaliyokwenda sawa nitayapitia haraka. Bei zote ni za hapa mjini.

Kipimo cha kazi ni kimoja: mteja aketi, awashe mashine, aingie kwenye akaunti yake, afanye lililomleta, azime, aende zake, bila kumwita mtu amsomee chochote. Kisoma skrini (programu inayotamka yaliyo kwenye skrini) kinachongoja mwenye macho aje akiwashe bado hakijamfaa asiyeona. Tuna mwalimu mstaafu hapa mtaani ambaye glakoma ilimaliza macho yake. Kwa muda mrefu amekuwa akiwatajia wahudumu wa saiba nywila zake kwa sauti, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake: ya barua pepe, ya KRA (mamlaka ya kodi), ya pensheni. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake. Kwenye meza ya saiba, haki hiyo inaanza na kuandika nywila yako kwa vidole vyako mwenyewe.

## Jumamosi, 6 Septemba 2025: mashine zenyewe

Zote mbili ni Dell OptiPlex 7010 za mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, zikiwa na Windows 10. RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ilikuwa GB 4, nimeongeza kipande kimoja cha GB 4 kwa kila mashine (KSh 1,300 kimoja). Diski za zamani nimezitoa na kuweka SSD, diski za kisasa zenye kasi, za GB 240 (KSh 2,800 kila moja).

Kuna watakaoiona SSD kama anasa. Fikiria hivi: mwenye macho akiwasha mashine nzito anaona kiduara kikizunguka, anajua kazi inaendelea. Asiyeona anakaa kimya kizima, hajui kama mashine inaamka, imekwama, au haikuwaka kabisa. Kwa diski ya zamani kimya hicho kilikuwa kirefu mno, na Mwalimu alikuwa akibonyeza swichi tena akidhani haikushika, na hivyo kuizima. Kama una pesa za kitu kimoja tu, nunua SSD.

Kila mtumiaji nimemfungulia akaunti yake ya Windows. Watatu wa kwanza ni Mwalimu, kijana mwenye mtindio wa ubongo anayeandika kwa mkono mmoja, na binti mwenye ualbino anayesomea uhasibu. Msiwaweke watu kama hawa kwenye akaunti moja. Mipangilio inayomsaidia mmoja inamzuia mwingine, na kila mmoja atakuwa anavunja alichojengewa mwenzake.

## Jumatano, 10 Septemba: kisoma skrini

Nimeweka NVDA. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, na baadaye James Teh, ambaye pia haoni, akajiunga naye. Nimeichagua kwa sababu walioiandika waliihitaji wenyewe, na hilo linaonekana katika mambo madogo. Kwa mfano, unapofungua faili la kuiweka tu, linaanza kuzungumza lenyewe. Mtu asiyeona anaweza kuiweka bila msaada.

Kuiweka hakuna la kusimulia. Funguo tulizoanza kufundishana ni chache: Ctrl+Alt+N kuiwasha, Ctrl kuinyamazisha, Insert+T kusikia jina la dirisha ulilomo, na Insert+1, ambayo inakuwezesha kubonyeza kitufe chochote ukaambiwa ni kipi na kina kazi gani bila kufanya kitu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfungua Mwalimu. Vidole vyake vilitafuta vile vinundu viwili vya F na J, akaanza kutembea kutoka hapo, safu kwa safu, akisikiliza. Alichapa taipureta ujanani, na mikono ilikuwa haijasahau. Kwenye Insert nimebandika tone la gundi ngumu ili lipatikane kwa kupapasa.

Tatizo la siku lilikuwa sauti. Mteja aliyetangulia alikuwa ameziba spika za Windows, na Mwalimu alipoketi NVDA ilikuwa inazungumza bila kusikika. Kwa mwenye macho hilo ni suala la kubonyeza alama ya spika. Kwa asiyeona, sauti ikizimwa skrini nayo imezimwa.

Dawa ni kadi ndogo ya sauti ya USB (KSh 450) na hedifoni zake (KSh 800). Kwenye mipangilio ya sauti ya NVDA nimeiambia itumie kadi hiyo tu. Muziki, video na kelele nyingine zote zinapita kwenye spika za kawaida. Mtu akizifunga spika, NVDA haiguswi. Kadi imefungwa nyuma ya mashine kwa kamba ya plastiki isichomolewe.

## Jumamosi, 13 Septemba: mlangoni

NVDA ilikuwa inazungumza vizuri ndani ya akaunti, lakini kwenye ukurasa wa kuingilia ilikuwa kimya. Hapa ndipo kipimo chetu kinapogonga mwamba, maana nywila inaandikwa kabla akaunti haijafunguka.

Ndani ya mipangilio ya jumla ya NVDA kuna kisanduku cha kuiruhusu ifanye kazi wakati wa kuingia. Nilikitia alama, nikawasha mashine upya, ikazungumza, ila kwa sauti ya mwanzo kabisa, kasi ya mwanzo, na kupitia spika zilizofungwa badala ya kadi ya USB. Ukurasa wa kuingilia hausomi mipangilio ya mtumiaji yeyote, una yake. Chini ya kisanduku hicho kuna kitufe cha kunakili mipangilio iliyohifadhiwa ipelekwe kwenye ukurasa wa kuingilia na kurasa nyingine za ulinzi. Utaratibu uliofanya kazi ni huu: panga sauti yote kwanza, hifadhi kwa Insert+Ctrl+C, halafu bonyeza kitufe hicho ukiwa na haki za msimamizi, halafu washa upya na usikilize. Ukibadilisha chochote baadaye, rudia kunakili. Nakala ya NVDA inayotembea kwenye flashi haiwezi kazi hii, lazima iwe imewekwa kwenye mashine.

Vilevile nimewasha mlio wa Windows wa kuanza, ambao kwenye Windows 10 huwa umezimwa. Mwalimu akiusikia anajua mashine imeamka. Anabonyeza Enter kuondoa picha ya mbele, anasikia jina lake, anaandika nywila, na kwa kila herufi NVDA inamtajia nyota, haisomi herufi yenyewe. Leo ameingia peke yake. Alitulia kidogo, akaniambia, "Sasa hata wewe huijui." Kweli siijui.

## Alhamisi, 18 Septemba: Kiswahili

NVDA inakuja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Si sauti tamu, ina ukavu wa chuma, lakini haihitaji intaneti wala malipo, na inatamka silabi zetu kama zilivyoandikwa. Sauti ya Kiingereza ikisoma barua ya Kiswahili, huelewi kitu hata ukiwa mwandishi wa barua hiyo.

Nilijaribu kuweka sauti ya Kiswahili kila mahali. Haikufaa. Menyu za Windows na za NVDA tumeziacha kwa Kiingereza, kwa hivyo sauti ya Kiswahili ilikuwa inasoma majina ya vitufe silabi kwa silabi, na Mwalimu, ambaye Kiingereza chake ni safi, hakuvitambua. Nilijaribu pia kumfundisha kubadilisha sauti papo hapo kwa Insert+Ctrl na mishale. Inawezekana, ila orodha ya lugha za eSpeak ni ndefu sana, na kutoka Kiingereza hadi Kiswahili unapita mataifa mengi.

Kilichokubali ni wasifu, yaani seti ya mipangilio inayohifadhiwa kando. Insert+Ctrl+P inafungua orodha ya wasifu wa mipangilio. Nimeunda mmoja wenye sauti ya Kiswahili na kuufunga kwenye LibreOffice Writer, anakoandikia barua. Akiingia Writer sauti inageuka Kiswahili yenyewe, akitoka inarudi Kiingereza. Kwa kurasa za intaneti nimetengeneza wasifu wa pili na kuupa funguo zake, auwashe mwenyewe akifika kwenye habari za Kiswahili. NVDA ina uwezo wa kugeuza lugha yenyewe pale ambapo mwenye tovuti ameandika lang="sw" ndani ya msimbo wa ukurasa. Kurasa kadhaa za Kiswahili tulizofungua zimetangazwa kuwa za Kiingereza. Ewe unayejenga tovuti ya Kiswahili, maneno hayo machache ndani ya msimbo ndiyo yanayoamua kama mtu asiyeona atakusoma.

Kisha kamusi ya matamshi. NVDA inakuruhusu kuiambia: ukiona hiki, sema hiki. Tumeweka "KSh" isomwe shilingi, "Bw." isomwe bwana, "n.k." isomwe na kadhalika, na vifupi vya ofisi za serikali vitajwe herufi moja moja. Angalizo: kuna kamusi ya sauti zote na kamusi ya sauti moja. Haya yote weka kwenye kamusi ya sauti ya Kiswahili pekee, la sivyo yatavuruga Kiingereza.

Nambari ndefu, kama za simu, tumeziacha zilivyo. Mwalimu anazipitia kwa mshale wa kulia, tarakimu moja moja, na anasema ndivyo anavyotaka, kwa sababu anayesikia nambari ya malipo kwa mkupuo hawezi kuihakiki.

## Jumatatu, 22 Septemba: betri ya shilingi mia

Stima ilipotea usiku. Asubuhi Mwalimu alikuja mapema, akawasha, akangoja mlio wa kuanza. Kimya. Akangoja tena. Mhudumu aliyekuwepo akaenda kutazama skrini na kukuta maandishi meupe juu ya weusi: saa haijawekwa, bonyeza F1 kuendelea au F2 kuingia kwenye mipangilio.

Hii inatokea kabla Windows haijaanza. Hakuna kisoma skrini duniani kinachoweza kusoma hapo, maana hakijapakiwa bado. Chanzo ni betri bapa ya CR2032 iliyo ubaoni, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoamsha mashine kabla ya Windows) mashine ikikosa umeme. Kwenye mashine za mtumba mara nyingi imeshakufa, na mwenye macho hata halichukulii kuwa tatizo. Anabonyeza F1 na kuendelea na maisha yake. Kwa asiyeona ni mlango uliofungwa bila kitasa.

Betri mpya ni KSh 100. Nimebadilisha kwenye mashine zote mbili, nikaweka saa upya. Nilipokuwa ndani ya BIOS nimefanya jambo la pili: kwenye sehemu ya usimamizi wa umeme, chini ya "AC Recovery", nimechagua mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Kisha nikachomoa waya ukutani, nikasubiri, nikarudisha, nikiwa nimezima skrini ili nisidanganywe na macho yangu. Mlio wa kuanza ukaja, na NVDA ikafuata.

Tumenunua pia UPS, betri ya akiba, ya mtumba (KSh 4,500) inayobeba mashine zote mbili kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima. UPS hiyo inalia umeme ukikatika, na mlio huo Mwalimu anaujua sasa.

Kwa kila fedha niliyotumia hadi leo, ile ya betri ndiyo iliyozaa matunda makubwa zaidi. Anza nayo.

## Ijumaa, 3 Oktoba: mkono mmoja

Kijana wetu anatumia kidole kimoja cha mkono wa kulia, na mkono unatetemeka. Shida zake zilikuwa tatu: hawezi kushika Ctrl na kitufe kingine pamoja, kidole kikigusa kinagusa mara mbili, na kiganja kinalalia kibodi.

Ya kwanza inatatuliwa na Sticky Keys: bonyeza Ctrl, achia, kisha bonyeza C, na mashine inayahesabu kama yamebonyezwa pamoja. Windows+U inafungua ukurasa wa mipangilio hii. Nilipoiwasha ikawa inajizima bila sababu. Sababu ipo. Kuna kisanduku kinachosema Sticky Keys izimwe vitufe viwili vikibonyezwa kwa wakati mmoja, na Windows inakuja kikiwa tayari na alama. Mtu anayetetemeka anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kila dakika. Ondoa alama hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Ya tatu nayo ilikuwa na mtego wake. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, Windows inaleta Filter Keys, na ukiibonyeza Shift mara tano inaleta Sticky Keys. Kiganja chake kilikuwa kinaziita zote mbili. Nimezima njia hizo za mkato kwenye akaunti yake, mipangilio ikabaki pale nilipoiweka.

Ya pili ndiyo iliyotutoa jasho. Ndani ya Filter Keys kuna Bounce Keys, inayopuuza kitufe kilekile kikirudiwa haraka. Niliiweka sekunde moja, na herufi za ziada zikaisha kabisa. Kisha akaandika sentensi ya majaribio, "Mzee amekaa juu ya kiti tangu saa mbili," na kwenye skrini ikatokea "Mze ameka ju ya kiti tangu sa mbili." Kiswahili kimejaa irabu pacha: kaa, saa, taa, juu, kuu, mzee, choo. Kidole kikishakuwa juu ya kitufe, irabu ya pili inakuja upesi kuliko herufi nyingine yoyote, na Bounce Keys inaimeza. Sijawahi kuona mwongozo unaolitaja hili, na kwa mwandishi wa Kiswahili ndilo jambo la kwanza la kujua.

Tulijaribu njia ya pili, Slow Keys, ambapo kitufe lazima kishikiliwe kidogo ndipo kihesabiwe. Irabu pacha zilirudi, lakini mkono ulichoka kabla aya haijaisha. Tumerudi kwenye Bounce Keys kwa nusu sekunde. Muda huo haubadilishwi kwenye ukurasa mpya wa mipangilio, nenda kwenye Control Panel ya zamani. Kwa nusu sekunde mitetemo mingi inazuiwa, na irabu pacha inapita akiinua kidole vizuri kati ya moja na nyingine. Kibodi nimeibandika mezani kwa gundi ya pande mbili isiteleze. Leo ameandika barua ya maombi ya kazi, ukurasa mzima, na irabu zake zote zimo.

## Jumamosi, 11 Oktoba: kuza herufi, punguza mwanga

Binti anaona, lakini mwanga mkali unamuumiza na herufi ndogo hazisomi hata akisogea. Wengi wangekimbilia kikuzaji. Tulianza hapo (Windows na alama ya kujumlisha) na akaanza kuumwa kichwa. Ukikuza skrini nzima, unaona kipande tu, na kipande hicho kinarukaruka kila mausi inaposogea.

Tuligeuza mpangilio. Kwanza tumekuza maandishi yenyewe hadi asilimia 175 (Windows 10 inafika 225), na kiashirio cha mausi tumekifanya kikubwa na cha njano. Pili tumeweka rangi za utofauti mkubwa, maandishi meupe juu ya weusi, kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na PrtScn. Kikuzaji kinakuja mwisho, kwa lile jedwali la hesabu tu, na tumekipanga kisogee mausi inapofika ukingoni badala ya kuifuata kila hatua. Hatua ya kukuza tumeipunguza kutoka 100 hadi 25.

Alichapisha kazi ya chuo, karatasi ikatoka tupu. Alikuwa amechagua rangi nyeupe ya herufi kwa mkono, maana juu ya weusi ilionekana sawa. Kwenye karatasi nyeupe haionekani. Rangi ya herufi iachwe kwenye chaguo la otomatiki: skrini inaonyesha nyeupe, printa inatoa nyeusi.

Stika za herufi kubwa za njano za kibodi, KSh 350. Na meza yake tumeigeuza, skrini isitazamane na mlango. Hiyo haikugharimu kitu, na anasema imemsaidia kuliko stika.

## Jumatano, 15 Oktoba: Windows 10 imefika mwisho

Jana, tarehe 14, Microsoft imeacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. OptiPlex hizi hazikubaliki kwa Windows 11, ambayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kuna mpango wa nyongeza kwa kompyuta za nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Saiba si nyumbani, kwa hivyo siuegemei. Mashine ya pili naihamishia Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo la Cinnamon, na kisoma skrini cha Orca. Ya kwanza inabaki na NVDA hadi Mwalimu aizoee Orca. Simnyang'anyi mtu fimbo kabla hajashika nyingine.

## Jumamosi, 25 Oktoba: Orca

Kuweka Mint ni kazi ya kawaida. Orca inawashwa na kuzimwa kwa Alt+Windows+S. Vifurushi vikikosekana, andika hivi kwenye dirisha la amri (Terminal):

sudo apt install orca espeak-ng

Jaribu sauti kabla ya kugusa Orca, ujue kama tatizo liko kwenye sauti au kwenye kisoma skrini:

espeak-ng -v sw "Habari ya asubuhi, Mwalimu"

Mlangoni tukakuta kisa kilekile cha NVDA. Ukurasa wa kuingilia wa Mint unaendeshwa na mtumiaji wake wa ndani, tofauti na mwenye akaunti, kwa hivyo Orca uliyoipanga ndani ya akaunti haijulikani pale nje. Fungua faili la /etc/lightdm/slick-greeter.conf kwa haki za msimamizi na uweke:

[Greeter]
screen-reader=true

Sasa inazungumza kabla ya nywila, ingawa inachelewa kidogo kuliko NVDA. Kwa Kiswahili kwenye LibreOffice peke yake, ukiwa ndani ya Writer bonyeza Insert+Ctrl+Space, mipangilio ya programu hiyo pekee ikafunguka, uchague sauti.

Mwalimu amefurahi kukuta Insert bado ndicho kitufe kikuu, na H bado inamrusha kutoka kichwa hadi kichwa kwenye ukurasa wa intaneti. Kilichomchanganya ni Insert+T: kwa NVDA inamsomea jina la dirisha, kwa Orca inamtajia saa. Na pa kujifunzia vitufe si Insert+1 tena, ni Insert+H. Nimemwandalia orodha ya tofauti hizo, si kwa karatasi bali kama faili kwenye dawati la mashine, analisikiliza mwenyewe.

## Jumanne, 4 Novemba: mtihani

Skrini ya mashine ya kwanza tumeizima kabisa, hata mimi nisione. Mwalimu amewasha, ameingia, amefungua barua pepe na kujibu. Ameandika barua kwa Kiswahili na kuihifadhi.

Tovuti moja ya malipo imemkatalia. Vitufe vyake havina majina, NVDA inasema kitufe, kitufe, kitufe, na hakuna namna ya kujua kipi ni cha kulipa na kipi ni cha kufuta. Hilo halirekebishwi kutoka kwenye kiti cha mteja. Tumewaandikia wenye tovuti tukieleza kitufe kwa kitufe.

Fomu ya PDF aliyotumiwa ilikuwa picha ya karatasi, na NVDA ikasema hakuna maandishi. Insert+R iliokoa: inatumia kitambua maandishi kilicho ndani ya Windows na kusoma kilichomo pichani. Imekosea herufi hapa na pale, lakini ameelewa fomu inadai nini. Kuijaza ni suala lingine, na bado ofisi husika inapaswa kutoa fomu inayojazika.

Kuzima: Windows+D, Alt+F4, Enter. Akangoja feni inyamaze, akainuka.

Printa ndiyo haijafaulu. Karatasi ikiisha inawasha taa tu, na lazima mhudumu aende. Hadi nipate inayolia, sehemu ya kuchapisha naiandika kuwa haijakamilika.

## Jumamosi, 8 Novemba: gharama na nakala

RAM 2,600. SSD 5,600. Kadi za sauti 900, hedifoni 1,600. Betri 200. UPS 4,500. Stika 350. Flashi 700. Jumla KSh 16,450 kwa mashine mbili zilizokuwepo tayari. Programu zote ni bure.

Flashi imebeba folda ya mipangilio ya NVDA, pamoja na wasifu wa Kiswahili na kamusi ya matamshi. Kwenye Windows folda hiyo utaipata ukiandika %APPDATA%\nvda. Ukishainakili kwenye mashine yako, kumbuka kubonyeza tena kile kitufe cha kupeleka mipangilio kwenye ukurasa wa kuingilia. Flashi iko kaunta, Free Area. Anayetaka nakala aje na yake, na aje na orodha ya vifupi vya matamshi alivyoongeza kwake, niviunganishe na vyetu.